Ngozi ya Muhogo kwa Njia ya Kampene

Mama yangu hataki kuona mfuko wa plastiki jikoni mwake. Ukirudi sokoni na chumvi ndani ya mfuko mweusi, anamwaga chumvi kwenye kopo, anaukunja mfuko na kwenda kuutupa nje ya ua, hata mvua ikinyesha. Majirani wetu wa Alunguli, hapa Kindu, wanacheka. Wanasema mama yule ana mambo yake. Hakuna anayemuuliza kwa nini, na sisi wa nyumbani hatukuhitaji kuuliza.

Ilianza wakati wa vita vya kwanza ninavyovikumbuka, kabla sijaingia shule. Baba alikuwa anasukuma baiskeli. Hakuwa anaipanda. Alifunga madumu ya mawese pande zote mbili, akafunga fimbo kwenye usukani ili aiongoze huku anatembea kando yake, na kwa namna hiyo alikwenda mpaka Kampene kwa wachimbaji, akarudi na chumvi na sabuni. Ni njia ya vilima na matope, na mtu mwenye mzigo hulala mara nyingi kabla ya kufika. Chakula chake cha njiani kilikuwa kwanga, mkate wa muhogo.

Watu wa Kindu ni watu wa mpunga. Lakini wali hauvumilii njia. Unaupika asubuhi, kesho yake umechacha. Mama alizaliwa kule mto unakoteremkia, kwa watu wa kwanga, na majirani walimtania: "Mama Kwanga, kwenu hamuna mupunga?" Waume zao walipokuwa na safari, ni kwake walikuja kununua. Aliloweka muhogo, akauponda, akaufunga ndani ya majani ya mangongo, yale majani mapana ya msituni, kisha akauchemsha. Kabla ya kufunga, kila jani alilipitisha juu ya moto kidogo mpaka lilegee na kung'aa. Na kwanga ya njiani, ikishaiva, haikukaa chini. Aliipandisha kwenye utara, ule uchaga wa fito ulio juu ya mafiga, ikakaa ndani ya moshi pamoja na mbegu za mahindi na samaki wa kukausha. Nilifikiri utara ni sehemu ya nyumba kama mlango. Sikujua kama una kazi.

Halafu watu wenye silaha wakauzunguka mji. Mashamba yakafungwa, msitu ukafungwa. Wanawake waliotoka kutafuta majani, wengine hawakurudi, na waliorudi hawakutaka kusema. Mama aliosha majani ya zamani na kuyatumia tena mpaka yakapasuka mikononi mwake. Mwishowe akachukua plastiki nyeupe iliyokuwa ndani ya magunia ya unga wa msaada, akaikata vipande, akafungia kwanga humo. Alijaribu kupandisha kifurushi kimoja kwenye utara. Plastiki ikaanza kudondoka ndani ya sufuria tone kwa tone, na nyumba ikajaa harufu mbaya. Vingine akaviacha chini.

Baba alipokuwa anafunga mzigo, alinusa kifurushi kimoja akacheka.

"Safari hii nabeba kwanga ya Wazungu."

"Ule haraka haraka," mama akasema. "Hii sijui kama itakaa."

"Nikila haraka, njia itabaki ndefu kuliko chakula."

Sura yake siikumbuki vizuri. Nakumbuka sauti hiyo, na gurudumu la nyuma lililokuwa linalia.

Waliorudi walikuwa wenzake. Waliketi uani, mmoja akaeleza huku anatazama miguu yake. Walisema siku ya tatu kwanga ilikuwa na maji ndani ya plastiki na harufu ya kitu kilichokufa. Baba aliitupa kwenye kijito. Alivumilia mpaka kesho yake, kisha akawaachia baiskeli, akatoka njiani kuingia mashambani kuomba muhogo. Walisikia risasi. Walingoja mpaka jua likageuka, halafu wakaondoka bila yeye. Baiskeli waliirudisha. Mama aliitazama, akauliza swali moja tu: "Aliitupa yote?" Wakasema yote.

Wakati huo alikuwa na mimba ya mdogo wangu.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita wa primeri, basi. Naandika polepole, na kusema kwangu ni polepole zaidi. Sokoni nauza kwanga ya mama bila kuita wateja. Naiweka tu, wanaojua wanakuja. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kuona majani yanapungua. Msitu wa karibu umekuwa mashamba na makaa. Wanawake waliokuwa wanaleta majani kutoka njia ya Kailo wanakuja mara moja moja, na majani yenyewe ni madogo. Wauzaji wengine wamehamia kwenye plastiki. Kwanga yao inatoka jasho, inaota ukungu, na mifuko inajaa mtaroni mpaka maji ya mvua yanaingia nyumbani kwa watu.

Katika ua wetu alipanga chumba kijana aliyekuwa anasoma mambo ya kilimo. Alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho kuhusu kitu cha kufungia chakula ambacho kikitupwa kinaoza kama ganda la ndizi, na ambacho kikiwa kimefunga chakula hakikai bure, kinakilinda. Alihitaji mtu wa kumkamulia muhogo. Nikawa mimi. Alikuwa mpole, hakuniuliza maswali ya kunilazimisha kujibu mbele ya watu.

Kazi yenyewe ni hii. Unakuna muhogo mbichi, unaukamua ndani ya maji, unaacha maji yatulie. Chini ya ndoo kinabaki kitu cheupe kama chokaa laini. Unakipika na maji na siki kidogo, na gliserini ya famasi kidogo ili kisivunjike kikikauka, unakoroga mpaka kinakuwa kama uji wa kioo. Unakimwaga juu ya bati safi, unakipanua, unakiacha kivulini. Kikikauka unakibandua, na mkononi mwako kuna kitu chembamba unachoweza kuona mwanga ndani yake. Yeye alikiita kwa jina refu la Kifaransa. Mimi nilikiita ngozi, na baadaye naye akaanza kusema ngozi.

Kilichobaki kilikuwa kuipa ngozi dawa. Tulijaribu maji ya tangawizi, ngozi ikapasuka. Tulijaribu mawese mengi. Haikukauka kabisa, ikashika nzi. Karafuu ilifanya kwanga inukie kama dawa ya meno, mama akaitema. Mchaichai ndio uliotupa moyo. Tuliuchemsha mpaka maji yakawa mazito, tukayachanganya na uji, tukapaka nta ya nyuki upande wa nje ili isilegee kwa unyevu. Ngozi zilizoharibika tulizifukia chini ya migomba, na baada ya mvua chache hatukuziona tena. Moja iliyobaki uani ililiwa na mbuzi wa jirani, na jirani akaja kuuliza kama mbuzi wake atakufa.

"Hatakufa, papa," kijana akamjibu. "Amekula muhogo."

"Na kama akikufa?"

"Basi tutamufungia ndani ya ngozi yetu."

Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Mwenzangu huyo alikwenda Bukavu kupeleka vipande vyetu kwenye maabara, vipimwe na watu wenye mashine. Alikuwa huko vita vipya vilipofika. Simu yake iliita siku chache, kisha ikaacha kuita. Hapa Kindu wakaanza kuingia watu waliokimbia, na magodoro yao kichwani, na mimi nikawa natazama kila uso. Mpaka leo sijui yuko wapi. Chumba chake hatujakipangisha. Bati na sufuria vikabaki kwangu, pamoja na maneno yake ya mwisho kuhusu kazi: "Sasa jaribu kwa siku. Weka tatu pamoja, ya jani, ya plastiki, ya ngozi, uone ipi inakaa."

Wakati huo huo mdogo wangu akasema anataka kwenda Kampene. Na baiskeli. Ile ile, yenye magurudumu mapya.

Mama hakulia. Alikaa na kisu mkononi, muhogo nusu umemenywa.

"Kazi ya hapa iko wapi, mama?" mdogo wangu akasema. "Uniambie, nibaki."

"Sikukatazi."

"Sasa unanitazama hivi kwa nini?"

"Nataka kitu kimoja. Chakula kikitoka kwa mikono yangu, kifike na weye mpaka Kampene. Usitoke kwa njia kuomba. Hicho tu. Mengine nimuachie Mungu."

Yeye akacheka, akanigeukia mimi dada yake. "Yaya, umesikia? Hiyo njo kazi yako sasa."

Tangu hapo ngozi haikuwa tena kazi ya mwanafunzi. Nilifanya alivyosema. Kwanga huchemshwa ndani ya jani, kwa sababu ngozi ikiingia maji ya moto inarudi kuwa uji. Kwa hiyo niliipika kwa majani ya zamani, nikaiacha ipoe, nikaifungua, nikaifunga upya: moja kwa jani, moja kwa plastiki, nikimwomba mama anisamehe, moja kwa ngozi. Nikaziweka kwenye kikapu pembeni ya jiko, mahali pa kivuli. Asubuhi nilikwenda sokoni, jioni nilirudi kuzinusa. Ya plastiki iliharibika upesi, kama tulivyojua. Ya jani ilikaa. Na ya ngozi ilikaa pamoja nayo, siku baada ya siku, ngumu, safi, bila doa. Niliifungua wiki ilipokwisha, nikaikata, tukaila. Mama alitafuna, akakubali kwa kichwa.

Nilirudia, ikawa vile vile. Nilitaka kumwambia mtu. Nilikwenda mlangoni pa chumba cha yule kijana, nikasimama, nikarudi.

Siku mdogo wangu alipoondoka, wenzake walikuja mapema. Nilikuwa nimefunga kwanga alfajiri ile, ngozi bado mpya, zinanukia mchaichai. Niliziingiza mwenyewe kwenye mfuko wa gunia, chini ya shati lake. Yeye anaimba vibaya sana, na aliondoka anaimba. Mama alisimama mpaka sauti ikaisha. Kisha akasema kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu utoto wangu: "Leo nitalala."

Kesho yake niliandaa vifurushi vingine vya kujaribu. Niliviweka kikapuni. Mama alikuwa anachambua sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akaviangalia.

"Hizi hujapandisha bado?"

"Kupandisha wapi?"

"Juu. Kwa moshi. Mugongo unaniuma, leo pandisha weye."

Sikuelewa kwanza. "Mama, weye ulikuwa unazipandisha?"

"Eh? Kila siku, ukienda soko. Nikimaliza kupika nazishusha. Ulitaka zilale chini kama viatu?"

"Zote?"

"Ile ya plastiki niliacha. Ile haipande kwangu tena."

"Na hukuniambia."

"Kukuambia nini? Nikifagia nyumba, nakuambia?"

Alisema bila ubaya. Kwake chakula cha njiani hupita kwa moshi, kama mtu anavyonawa kabla ya kula. Hakuna nyumba kwetu isiyofanya hivyo. Alifikiri mimi napima kama ngozi ni imara, kama haipasuki. Na mimi niliona utara ule kila siku ya maisha yangu, juu ya kichwa changu, mweusi, unanuka samaki, na sikuuweka ndani ya hesabu.

"Mama," nikasema, "zile za mudogo hazikupanda."

Majani ya sombe yakabaki mkononi mwake.

"Nilijua weye njo ulizipandisha jana yake."

"Nilizifunga asubuhi."

Mama aliinuka, akaenda kwenye pipa la nyuma ambako alikuwa ameficha majani machache mazuri ya mangongo, akayapitisha kwenye moto moja moja, akafunga kwanga upya, akaiweka juu ya utara na kuongeza kuni mbichi ili moshi uwe mwingi. Macho yetu yalitoka machozi, na ilikuwa rahisi kusema ni moshi.

Mchana nilikwenda mahali wanapokaa motari, wale wa pikipiki, wa njia ya Kalima na Kampene. Walikuwa chini ya hema lao, wanacheza karata. Nilisimama na kikapu muda mrefu.

"Dada, unauza ama unatulinda?" mmoja akauliza. Wenzake wakacheka.

Nikasema.

"Sema kwa nguvu. Miye masikio yalibaki kwa pikipiki."

Nikasema tena, kwa nguvu niliyokuwa nayo: kuna kijana njiani, anasukuma baiskeli, ametoka jana, naomba umpe chakula hiki.

"Njia yote ni vijana wa baiskeli. Huyu wako iko na alama gani?"

Nilifikiri. "Anaimba vibaya."

Wote wakacheka, na yule akasimama, akakichukua kifurushi. "Kama ni kuimba vibaya, nitamupata. Nikimukosa nitakula mimi, usinilaani."

Usiku ule mvua ilinyesha mpaka asubuhi.

Nikaanza jaribio lile upya. Niliweka kwanga moja ya ngozi kikapuni na kumwomba mama asiiguse. Hakuigusa. Alikuwa anapita mbali na kikapu, kama mtu anayepita mbali na mgonjwa. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ngozi ililegea, kwa sababu hewa ya mvua ilikuwa imeingia kila mahali, na nta haikuizuia. Ya tatu niliifungua. Kulikuwa na manyoya ya kijivu pembeni, na harufu ya uchachu. Mchaichai bado ulisikika, chini yake, kama mtu mdogo anayejaribu kusema ndani ya kelele.

Nilitaka kuitupa. Mama akasema, "Lete nione." Akaishika, akainusa kwa muda. "Siku ya tatu," akasema, akanirudishia.

Baada ya hapo hakupika kwanga. Sokoni wateja waliniuliza, nikawajibu kwamba mama anaumwa, na haikuwa uongo. Simu haishiki njia nzima mpaka Kampene, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kufanya na simu ila kuichaji kwa jirani mwenye sola. Mama aliketi na mgongo kwenye ukuta wa jiko, uso kwa barabara. Hakuniambia neno baya hata moja. Ningependa angesema.

Motari alirudi kabla ya habari nyingine yoyote. Alisimama mlangoni, matope mpaka kiunoni, akavua kofia.

"Sikumupata, mama. Daraja lilikatika, nilipita njia ya pembeni. Labda nilimupita ndani ya mvua." Akanitazama. "Ile kwanga tuliikula na watu tuliolala nao pale, siku ya ine. Ilikuwa nzuri. Moshi ilisikika mpaka ndani."

Mama akamshukuru, akampa maji ya kunywa. Mimi nilirudi jikoni nikatazama juu.

Simu ililia jioni moja, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

"Yaya! Ngozi yako! Iliota nywele kama muzee!"

Aliendelea kucheka peke yake, mbali, na kelele za watu nyuma yake. Mama alininyang'anya simu.

"Ulikula nini?"

"Nilitupa, mama. Ilikuwa imechacha."

"Nimeuliza ulikula nini."

"Niliacha baiskeli kwa wenzangu, nikaingia kwa mashamba. Kulikuwa mama mumoja analima. Alinipa bukari ya muhogo na samaki kidogo."

"Ulitoka kwa njia."

"Njaa, mama."

"Na alikupa."

"Alinipa. Alisema nirudi nikipita tena."

Laini ikakatika hapo. Mama hakuondoa simu sikioni. Alikaa nayo vile, na nilipomgusa bega akasema, si kwangu, "Huyu walimupa."

Aliingia ndani akalala bila kula. Sijui kama alilala kweli.

Mdogo wangu yuko Kampene mpaka sasa. Baiskeli ameiuza, anachimba. Anasema atarudi, hasemi lini. Nimerudia kazi ya ngozi. Sasa nazitundika kwenye utara kabla ya kufunga, moja moja kama majani ya mama, zikiwa tupu, mpaka zinakuwa za rangi ya chai na kunuka moto. Nta naipaka mara mbili. Zinakaa zaidi ya siku ya tatu hata kikapuni, hata bila kwanga yenyewe kupanda juu. Ni siku ngapi zaidi, bado sijui vizuri, mvua inaharibu hesabu zangu. Ningemwambia yule kijana aliyekwenda Bukavu. Katika yote aliyonifundisha hakukuwa na moshi, kwa sababu hata yeye, mtoto wa hapa, alikuwa anauona kila siku kama mimi.

Mama amerudi kupika. Nikiwa natoka kwenda sokoni, anachukua kikapu, anapanda juu ya kigoda na mgongo wake mbaya, na kabla ya kuweka kifurushi cha kwanza kwenye fito ananiita nigeuke.

"Napandisha," anasema. "Umesikia? Napandisha."

"Nimesikia, mama."

Anangoja niseme hivyo. Kisha anaweka, kimoja baada ya kingine, chakula cha njiani cha mtu ambaye hayuko.